Risasi Nene: Historia ya Silaha za Uwindaji Nyanza Kusini

Kabla ya bunduki kufika, wanyama wakubwa wa nchi ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay waliuawa kwa chuma chenye mpini. Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kendu hadi Karungu na Muhuru, msumbufu mkuu alikuwa kiboko, ambaye Waluo humwita rao, anayetoka majini usiku kula nafaka shambani. Mbali na ziwa, katika Bonde la Lambwe na tambarare zinazoelekea Mara, alikuwapo nyati, yaani jowi, pamoja na swala wa aina nyingi. Waluo waliwinda kwa makundi, wakiwa na mbwa, rungu na mikuki. Wakuria wa upande wa Kehancha walitumia pia upinde na mishale ya sumu. Kiboko hakukabiliwa kwa ushujaa pekee: watu wa kandokando ya ziwa walichimba mashimo kwenye njia zake, au wakaning'iniza juu ya njia hizo mkuki uliofungwa gogo zito, mnyama akikanyaga kamba unamshukia mgongoni. Meno yake yalipamba vilemba vya wazee na wapiganaji, na picha zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinayaonyesha yamepinda juu ya paji la uso, katikati ya manyoya ya mbuni.

Silaha hizo ziliua kwa kumwaga damu. Mkuki mpana hukata mishipa na mapafu, kisha wawindaji humfuata mnyama mpaka aishiwe nguvu. Ndiyo sababu ilihitajika mikuki mingi, miguu mingi na muda wa kutosha. Bunduki ilikuja na ahadi tofauti, kwamba mtu mmoja, kwa pigo moja, atamwangusha mnyama wa tani mbili mahali alipo. Ahadi hiyo ilichukua miaka mingi kutimia, na mabishano juu ya unene wa risasi unaofaa kuitimiza hayajaisha hadi leo.

Bunduki za kwanza kusikika katika ukanda huu zilikuwa magobori ya misafara ya pwani, iliyofika Mumias, katika nchi ya Wawanga, ikitafuta pembe za ndovu. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Yale ya kale yaliwashwa kwa gumegume, na ya baadaye kwa fataki. Risasi yake ilikuwa tonge la madini ya risasi lenye umbo la duara, na kwa kuwa baruti nyeusi haikuweza kuisukuma kwa kasi kubwa, njia pekee ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza uzito. Hapo ndipo ulipotoka mtindo wa Waingereza wa kupima tundu la mtutu kwa idadi ya matonge yanayopatikana katika ratili moja ya madini. Bunduki ya namba 8 ilirusha tonge la gramu 57 hivi, na ile ya namba 4 tonge la gramu 113. Frederick Selous, aliyekuja kuuawa vitani karibu na Mto Rufiji mwaka 1917, aliwinda ndovu kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa gobori la namba 4. Baadaye alikiri kwamba kishindo chake kilimharibia ulengaji kwa maisha yake yote. Huyo ni shahidi wa mapema wa jambo ambalo wauza silaha hawapendi kulitaja, kwamba risasi nene humwadhibu anayeifyatua pia.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa hiyo utawala wa Waingereza ulipoingia Kavirondo Kusini, kama wilaya hii ilivyoitwa, bunduki za kisasa zilikuwa mikononi mwa askari wake karibu pekee. Jeshi la Uingereza lilikuwa limepita kutoka Snider ya inchi .577 ya mwaka 1866 hadi Martini-Henry ya mwaka 1871, ambayo risasi yake ilikuwa na unene wa inchi .450, na kutoka hapo hadi .303 ya mwaka 1888. Kila hatua ilipunguza unene na kuongeza kasi. Badiliko kubwa lilitokana na baruti mpya isiyotoa moshi, ambayo nguvu yake iliifanya risasi nyembamba kupenya kuliko tonge zito la zamani.

Tofauti ya vizazi hivyo viwili ilionekana karibu na hapa mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii, makao ya wilaya, na tarehe 12 kikapigana na King's African Rifles. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi. Risasi hiyo ilijeruhi vibaya, lakini kila mlio uliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mfyatuaji. Waingereza walimpoteza kamanda wao, Kapteni Thorneycroft, nao Wajerumani wakarudi kusini. Katika vita, risasi nene ya baruti nyeusi ilikuwa imekwisha muda wake. Katika uwindaji, risasi nene ilikuwa tayari imezaliwa upya.

Kuzaliwa huko kulitokea London. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby iliuza .450 Nitro Express, ganda refu lililojazwa baruti isiyo na moshi na risasi ya gramu 31. Kwa mara ya kwanza mwindaji alipata unene na kasi kwa pamoja, katika bunduki ambayo mtu wa kawaida angeweza kuibeba. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku bunduki za unene wa .450 nchini India na Sudan, kwa hofu kwamba risasi zake zingetumika katika Martini-Henry zilizokuwa mikononi mwa waasi. Watengenezaji wakakwepa kwa kubadilisha vipimo kidogo, na hivyo zikazaliwa .465, .470 na .475. Orodha ndefu ya namba inayomchanganya msomaji wa leo ilitokana na sheria ya forodha zaidi ya mahitaji ya porini. Karibu na wakati huo zilikuja bunduki za bolti, zilizokuwa na bei nafuu kuliko zile za mitutu miwili: .404 ya Jeffery, .416 ya Rigby mwaka 1911, na .375 ya Holland & Holland mwaka 1912. Ile ya .404 ilipendwa na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki, na Uganda ilinunua pia .425 ya Westley Richards kwa askari wake.

Ubishi mkubwa wa zama hizo ulikuwa kati ya watu wa risasi nene na watu wa risasi nyembamba. Mfano uliotajwa sana ni wa Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kabla ya mwaka 1914. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 iliyorusha risasi ya gramu 11 tu. Alichunguza mafuvu mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, akatumia risasi ngumu isiyopanuka, na akafyatua pale tu alipokuwa na hakika. Risasi ndefu na nyembamba, ikiwa ngumu, hupenya mfupa mithili ya shazia katika gunia, ilhali tonge pana husukuma nyama na mfupa mbele yake na kusimama mapema. Hoja ya upande wa pili iliandikwa na John Taylor, jangili wa Msumbiji, katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu bunduki za Afrika. Taylor alitunga kanuni ya kuzidisha uzito wa risasi, kasi yake na unene wake ili kupata namba ya kishindo. Kwa kanuni hiyo, .375 hupata 40 hivi na .470 hupata zaidi ya 70.

Kanuni ya Taylor bado hunukuliwa, na hapo pana hatari. Taylor alitaka kupima jambo moja mahususi: kama risasi imekosa ubongo wa ndovu kwa sentimita chache, je, itamzimisha kwa muda wa kutosha kupigwa ya pili? Watu wakaichukua kuwa kipimo cha uwezo wa kuua kwa jumla. Ukiitumia hivyo, risasi ya bastola ya .44 Magnum hupata namba karibu na 20, na ile ya milimita 7 ya Bell hupata 16. Yaani bastola ya kiunoni ingekuwa bora kwa ndovu kuliko bunduki iliyoua mamia yao. Hakuna mwindaji makini anayeamini hivyo. Jambo linaloachwa nje ya hesabu ni upenyaji: urefu wa risasi ukilinganishwa na unene wake, ugumu wa ganda lake la nje, na kasi inayobaki baada ya kugonga mfupa.

Wanyama wa Nyanza Kusini wanaueleza ubishi huo vizuri kuliko ndovu, kwa sababu kiboko na nyati wanadai mambo yanayokinzana. Kiboko akiwa majini huonyesha macho, masikio na pua peke yake. Shabaha iliyopo ni ndogo, na anayeipata kwa risasi ngumu ya wastani humuua papo hapo. Mzoga huzama, na mwindaji hungoja saa moja au zaidi mpaka gesi ya tumboni iuinue. Hapo unene wa risasi hauna faida kubwa. Mkono uliotulia ndio unaohitajika. Kiboko huyohuyo akikutwa nchi kavu alfajiri, kati ya shamba na maji, ni mnyama mwingine. Ana uzito wa tani moja na nusu au zaidi, ngozi yake ina unene wa sentimita kadhaa, na hukimbilia maji bila kujali nani amesimama njiani. Kwa umbali wa hatua kumi hakuna nafasi ya kutafuta ubongo, na .404 au .470 inayovunja bega ndiyo inayookoa maisha. Nyati naye hasumbui kwa pigo la kwanza. Shida huanza akijeruhiwa na kuingia kichakani, na vichaka vya Lambwe vilikuwa vinene. Anaweza kujificha kando ya njia yake mwenyewe na kumngoja anayemfuata. Desturi iliyoenea Afrika Mashariki ilikuwa kumpiga kwanza kwa risasi ya ncha laini inayopanuka mapafuni, kisha kwa risasi ngumu akiwa anakimbia au anashambulia. Risasi zinazopanuka zilikuwa zimekatazwa vitani na Azimio la Hague la mwaka 1899, lakini uwindaji haukuguswa.

Kwa wakazi wenyewe wa Kavirondo Kusini, mabishano hayo yote yalikuwa ya watu wengine. Mkutano wa London wa mwaka 1900 kuhusu kuhifadhi wanyama wa Afrika ulilaani mitego ya mashimo na nyavu, na kanuni za uwindaji zilizofuata katika Afrika Mashariki ya Kiingereza zikaziharamisha njia za Waafrika moja baada ya nyingine: shimo, tanzi, sumu. Idara ya Wanyamapori iliundwa mwaka 1907. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu pauni 50, fedha ambazo mkulima wa Karungu asingezipata maishani, na hata angezipata asingepewa kibali cha bunduki. Wilaya hii ilikuwa eneo la Waafrika lisilo na mashamba ya walowezi, kwa hiyo hata wawindaji wa kizungu hawakuwa wengi. Kiboko alipoharibu shamba, mkulima alipeleka habari kwa chifu, chifu kwa ofisa wa wilaya, na baada ya siku kadhaa pengine alifika mtu mwenye bunduki nzito. Wakati huo mahindi yalikuwa yameshaliwa. Kuuita utaratibu huo uhifadhi ni kuupamba. Kwa mwenye shamba ulikuwa kunyang'anywa mkuki bila kupewa kitu badala yake.

Tanzi halikuisha kwa kuharamishwa. Liliendelea kimyakimya, na waya wa chuma uliporahisika kupatikana likawa silaha hatari kuliko bunduki yoyote. Walioumia zaidi ni swala wakubwa aina ya korongo, ambao Waluo huwaita omoro. Kundi la mwisho nchini Kenya limebaki Lambwe. Bonde hilo liliepuka kulimwa lote kwa sababu ya mbung'o na malale, ugonjwa uliowafukuza watu kwa vipindi tangu mwanzo wa karne ya 20. Sehemu yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120 hivi.

Zama za bunduki nzito za biashara zilifungwa kwa amri moja. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, kilikuwa kimejenga sifa ya Kenya kama nchi ya safari, na mwaka 1956 Winchester ya Marekani ilitoa .458, bunduki ya bolti yenye nguvu karibu sawa na mitutu miwili ya London kwa sehemu ndogo ya bei. Uwindaji wa ndovu ulisimamishwa mwaka 1973. Mei 1977, kwa Tangazo la Kisheria Na. 120, serikali ilipiga marufuku uwindaji wa aina zote wa wanyama wakubwa, na mwaka uliofuata ikakomesha biashara ya nyara zao. Chama kilivunjwa mwaka huohuo wa 1977. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, Tanzania iliendelea kutoa leseni za uwindaji wa kitalii, na bado inatoa. Upande wa Kenya, anayeruhusiwa kumpiga kiboko au nyati msumbufu ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa mwaka 1989. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, na kaunti za kando ya ziwa hazijakosa madai ya waliovamiwa na viboko.

Katika historia hii yote bastola ilikaa pembeni. Maofisa wa kikoloni walivaa Webley ya .455, iliyoanza kutumika jeshini katika miaka ya 1880 na 1890. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11.5, na nzito, gramu 17, lakini ilikwenda polepole mno, na nguvu yake ilikuwa jouli 300 hivi. Ilitengenezwa kumsimamisha mtu aliye karibu. Porini ilifaa kummalizia mnyama aliyekwisha kuanguka, wala si zaidi. Huko India palikuwa na bastola za mitutu miwili, baadhi zikiwa na unene wa .577, zilizobebwa na wawindaji waliopanda ndovu ili kumzuia chui milia anayeruka juu. Afrika Mashariki, ambako watu waliwinda kwa miguu na mbeba bunduki alifuata nyuma na mtutu wa pili, haikuzihitaji.

Uwindaji kwa bastola kama mchezo ulikua Marekani. Smith & Wesson walitoa .357 Magnum mwaka 1935, kisha .44 Magnum mwaka 1955, kwa msukumo wa mfugaji na mwandishi Elmer Keith, aliyekuwa amejaza maganda ya .44 Special kupita kiasi kwa miaka mingi. Filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 iliipa sifa kubwa kuliko ilivyostahili. Nguvu yake ni jouli 1,300 hivi, ya kutosha kwa paa mkubwa wa misitu ya Marekani akipigwa kwa karibu. Dick Casull aliisukuma mbele zaidi kwa .454 yake, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kufika sokoni kwa wingi baada ya mwaka 1983. Mwaka 2003 ilikuja .500 ya Smith & Wesson, yenye risasi ya milimita 12.7 na nguvu inayozidi jouli 3,400, karibu mara kumi na moja ya Webley ya zamani. Hizo ndizo risasi nene za bastola kwa maana kamili. Afrika Kusini, ambako uwindaji wa bastola unaruhusiwa, zimetumika hata kwa nyati.

Zikipimwa kwa mizani ya Lambwe, bado zinapungukiwa. Ile .375 ambayo nchi kadhaa za Afrika zimeiweka kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari ina jouli 5,700, na .458 ina zaidi ya 6,200. Mtutu mfupi wa bastola hauiachi baruti iungue yote kabla risasi haijatoka, na mkono usioegemezwa begani hauwezi kurudia pigo haraka baada ya mruko wa silaha kama .500. Mtu anayemkabili nyati aliyejeruhiwa anahitaji pigo la pili kuliko anavyohitaji unene wa la kwanza. Bastola nene ina sababu yake kwa mvuvi wa samoni wa Alaska anayechelea dubu, kwa kuwa mikono yake ina kazi nyingine na bunduki ndefu ingebaki mtumbwini. Mvuvi wa Mbita au Sori naye yuko katika hatari ya kiboko anayepindua mashua, lakini ndani ya maji, gizani, hakuna risasi ya ukubwa wowote inayomsaidia.

Nchini Kenya swali la kuchagua risasi ya bastola huamuliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi inayotoa leseni. Mwombaji hutakiwa kueleza sababu ya kuhitaji silaha, na uwindaji wa wanyama wakubwa si sababu inayokubalika tangu mwaka 1977. Zinazobaki ni ulinzi wa mtu na mali, pamoja na ulengaji wa shabaha katika vilabu. Kwa kazi hizo risasi iliyoenea ni ya milimita 9, ileile inayotumiwa na polisi katika bastola zao za Ceska. Ni nyembamba kuliko Webley, lakini ina kasi karibu mara mbili, na risasi kumi au zaidi huingia katika kitako kimoja. Wafanyabiashara wenye leseni ya bastola katika miji ya Homa Bay, Migori na Rongo hawana sababu ya kutafuta .44.